Ufalme wa Wakilindi: Kutoka Vuga hadi Mazinde

Kwa zaidi ya miaka 150, sehemu kubwa ya Milima ya Usambara ilitawaliwa na ukoo mmoja, Wakilindi, ambao makao yao makuu yalikuwa Vuga. Katika kilele cha nguvu zake, katikati ya karne ya 19, ufalme huo ulianzia milima ya Usambara ya Magharibi, ukapita Bonde, ukafika hadi mwambao kati ya Vanga na Pangani. Katika kizazi kilichofuata nguvu hizo zilihama. Ziliondoka juu mlimani, zikateremka nyikani, kwenye mji wa Mazinde uliokuwa kando ya njia ya misafara. Kuhama huko ndiko kulikouvunja ufalme, na sababu zake zinapatikana katika namna ulivyojengwa tangu mwanzo.

Nchi na wakaaji wake

Usambara ya Magharibi ni kama kisiwa cha milima kilichozungukwa na nyika. Upande wa magharibi na kusini, milima inainuka ghafla kutoka bonde la Mto Mkomazi, na vilele vyake vya juu, kama Magamba na Shagayu, vinapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Juu kuna mvua nyingi, misitu, vijito visivyokauka na baridi. Chini kuna joto, vichaka vya miiba, malaria na mvua za kubahatisha. Wasambaa wenyewe waligawa dunia yao kwa mpaka huo: Shambaai ni nchi ya mlimani, na nyika ni kila kilicho chini.

Kabla ya Wakilindi, watu wa mlimani hawakuwa na mfalme mmoja. Walikaa kwa koo, kila ukoo na bonde lake au kilima chake, chini ya wazee waliotambika kwenye makaburi ya wahenga na kuamua kesi za watu wao. Vuga kwenyewe kulikuwa na ukoo wa Wanango, uliokuwa na heshima ya uongozi kabla ya mfalme kuja. Chakula kikuu kilikuwa ndizi. Mahindi yalienea baadaye. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, si katikati. Mkulima aliyekaa ukingoni aliweza kuwa na migomba yake karibu na nyumba, akateremka kulima nyikani mvua zilipokubali, na kupata nyama ya porini huko huko. Mwaka shamba moja lilipomwangusha, la pili lilimwokoa.

Hawakuwa peke yao. Kwenye malisho ya juu, karibu na misitu, walikaa Wambugu, wafugaji wa ng'ombe wenye mila zao na usemi wao uliohifadhi maneno mengi ya Kikushi, mbali na lugha za Kibantu za majirani. Magharibi, ng'ambo ya bonde la Mkomazi, walikuwa Wapare, kusini Wazigua, na mashariki, kwenye vilima vilivyoshuka kuelekea pwani, Wabondei. Wafugaji wa Kimaasai walipita nyikani na mifugo yao, na mara nyingine walivamia.

Kuja kwa Mbega

Mwanzilishi wa ufalme alikuwa Mbega, mwindaji kutoka milima ya Nguu, kusini-magharibi mwa Usambara. Alifika katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Habari zake zimehifadhiwa kwa masimulizi ya wazee wa Vuga na Bumbuli, na pia kwa maandishi ya Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, mtu aliyeishi karibu na watawala wa Kikilindi na kumtumikia mmoja wao, Semboja. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kiliandikwa kwa Kiswahili na kuchapwa kwa sehemu na wamisionari wa Kianglikana wa Magila. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya historia ya bara vilivyoandikwa na Mwafrika kwa Kiswahili.

Masimulizi yanaeleza kwamba Mbega alikuwa kigego, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Mtoto wa namna hiyo alidhaniwa kuwaletea ndugu zake vifo. Alipokua, jamaa zake walimnyima urithi na kumfukuza. Akaondoka na mikuki yake na mbwa wake wa kuwindia, mkubwa wao akiitwa Chamfumu, akafika Kilindi, ambako alifanya urafiki na mtoto wa mkuu wa mahali hapo. Kijana huyo alikufa walipokuwa wakiwinda nguruwe mwitu, na Mbega akakimbia kwa kuogopa kisasi. Jina la mahali hapo ndilo lililobaki kuwa jina la ukoo wake.

Alipofika Usambara aliwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Sifa zake zikaenea kutoka kijiji hadi kijiji. Watu wakaanza kumpelekea ugomvi wao ili auamue, kwa kuwa hakuwa wa ukoo wowote kati ya zile zilizogombana. Mwishowe watu wa Vuga walimwita awe mkuu wao, na usiku mmoja akaua simba. Tangu hapo mfalme wa Vuga aliitwa Simba Mwene.

Wanahistoria hawasomi kila tukio katika masimulizi hayo kama jambo lililotokea hasa. Mwindaji mgeni anayegeuka mfalme anaonekana pia katika masimulizi ya falme nyingine za Afrika Mashariki na Kati. Hata hivyo, masimulizi yanaonyesha wazi Wasambaa walivyouelewa utawala. Mtu wa porini, mla nyama asiye na shamba, anaingizwa katika jamii ya wakulima kwa kubadilishana: nyama kwa ndizi, haki kwa utii, ulinzi kwa mke. Hakuiteka nchi kwa vita. Na aliyekubaliwa kwa sharti aliweza pia kukataliwa.

Msingi wa pili wa ufalme ulikuwa ndoa. Mbega alipewa wake na koo za sehemu mbalimbali, na watoto wao wa kiume wakawekwa kuwa wakuu katika nchi za wajomba zao. Kwa njia hiyo kila eneo lilipata mtawala ambaye kwa baba alikuwa Mkilindi na kwa mama alikuwa mtoto wa nyumbani. Wakilindi wakaacha usemi wa kwao na kusema Kisambaa. Lakini mfumo huo ulibeba hatari yake: kila mtoto wa mfalme alikuwa na wajomba waliotaka awe yeye, na kila mfalme alipokufa, swali la mrithi liligeuka kuwa shindano la koo za akina mama.

Utawala wa Vuga

Mbega alifuatwa na mwanawe Buge, kisha na Shebuge, aliyejaribu kuupanua ufalme kwa vita nyikani na kufia huko akipigana na Wazigua. Wakati huo Vuga ilikuwa imekwisha kuwa mji wa mfalme, juu ya kilima, nyumba zake za msonge zimepangwa kati ya migomba. Mfalme hakutawala peke yake. Kando yake walikuwapo wazee wa baraza, na mkubwa wao, Mlughu, hakuwa Mkilindi bali mtu wa koo za raia. Raia ndio waliosimamia kutawazwa kwa mfalme mpya. Kifo cha mfalme kilifichwa, mrithi akaletwa usiku, na asubuhi watu walitangaziwa mfalme mpya, ili nchi isikae bila mwenyewe hata siku moja.

Kazi ya mfalme iliyowagusa watu wengi kuliko zote ilikuwa mvua. Mfalme wa Vuga alikuwa na dawa za mvua, na iliaminiwa kwamba aliweza kuileta au kuizuia. Katika fikra za Wasambaa kulikuwa na hali mbili za nchi: kuizifya shi, yaani kuitengeneza nchi ipate mvua, chakula na watoto, na kuibana shi, yaani kuiharibu kwa ukame na njaa. Mfalme mmoja mwenye nguvu asiye na mshindani aliitengeneza nchi, kwa sababu watu na kodi yote vilikuwa vyake na hakuwa na haja ya kuviharibu. Wakuu wawili wenye nguvu sawa walipogombana, kila mmoja alitumia uwezo wake kumkomesha mwenzake, na aliyeumia ni mkulima. Kwa hiyo Msambaa wa kawaida hakuuchukia ufalme wenye nguvu. Alichokiogopa ni ufalme uliogawanyika.

Kodi ilipanda Vuga kwa njia ya wakuu wa maeneo: mifugo, vyakula, kazi ya mikono, na baadaye pembe za ndovu na nguo. Sehemu yake ilirudi kwa watu kwa karamu, kwa zawadi, na kwa chakula cha wenye njaa. Mtu aliyepatikana na kosa kubwa aliweza kutozwa mbuzi au ng'ombe, na asiyeweza kulipa, yeye au ndugu yake, aliweza kuwekwa rehani kwa mfalme. Mlango huo, uliokuwa mdogo katika karne ya 18, ulikuja kufunguka vibaya bei ya watumwa ilipopanda pwani.

Kimweri ye Nyumbai

Ufalme ulifika kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu mwaka 1815 hivi hadi 1862. Alisambaza wanawe wengi kila upande, akiwapa maeneo ya kutawala badala ya wakuu wa zamani, mpaka karibu kila eneo kubwa likawa na mkuu ambaye ni mtoto wake mwenyewe. Wabondei walikuwa chini yake. Katika miji ya mwambao, madiwani waliotambuliwa naye walisimamia shughuli zao huku wakimpelekea zawadi na kodi.

Pwani, hata hivyo, kulikuwa na bwana mwingine. Sayyid Said wa Oman, aliyeifanya Unguja kuwa makao yake, alikuwa akitanua mamlaka yake juu ya bandari za Tanga na Pangani. Badala ya kupigana, watawala hao wawili waliishi katika mpango usioandikwa: diwani wa Pangani aliweza kukiri ubwana wa Sultani na wa Simba Mwene kwa pamoja. Askari wa Sultani wa Kibulushi walikaa Chogwe na Tongwe, karibu na Mto Pangani, wakiilinda njia ya kuingia bara.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walifika Vuga katika miaka hiyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea Kimweri mwaka 1848 na tena 1852, akaeleza nchi yenye watu wengi na utii mkubwa kwa mfalme. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Februari 1857, na Burton akakadiria Vuga kuwa na nyumba 500 hivi na watu 3,000. Waliyemkuta alikuwa mzee aliyedhoofika, amelala mbele ya moto wa kuni, na haja yake kubwa kwa mgeni aliyesemwa kuwa mganga ilikuwa dawa ya kumrudishia afya, nguvu na ujana. Dawa hiyo haikuwapo, na wanawe walikuwa tayari wanapima nani atarithi.

Mazinde na njia ya misafara

Mazinde iko nyikani, chini ya ukuta wa mlima upande wa magharibi, kwenye bonde la Mkomazi. Kwa mkulima wa ndizi, hapakuwa mahali pa kutamanika. Kwa mfanyabiashara, palikuwa mahali pazuri kuliko Vuga. Njia ya misafara kutoka Pangani ilifuata mto, ikapita kati ya Usambara na Upare, ikaendelea hadi Uchaga na nchi ya Wamaasai, ambako pembe za ndovu zilinunuliwa. Msafara wa wapagazi haukuweza kubeba chakula cha safari nzima. Ulihitaji vituo vyenye maji na mahali pa kununua ndizi, maharagwe, mahindi na tumbaku, na vyakula hivyo viliteremshwa kutoka mlimani. Aliyekishika kituo kama hicho alipata hongo, yaani ushuru wa njia, bidhaa za pwani, na habari za kila anayepita.

Semboja, mmoja wa watoto wa Kimweri, ndiye aliyeliona hilo mapema kuliko ndugu zake. Aliacha mlima, akajenga mji wake Mazinde. Alijifunza mavazi na adabu za Waswahili wa pwani, akaweka waandishi wa barua, akafanya urafiki na wafanyabiashara wa Pangani. Kubwa kuliko yote, alikusanya bunduki na baruti. Kwa mfalme wa Vuga, utajiri ulikuwa watu na kodi waliyoipandisha mlimani. Kwa Semboja, utajiri ulikuwa bidhaa zilizonunua silaha, na silaha zilizoleta bidhaa zaidi. Mkuu aliyeishi hivyo hakuihitaji tena ridhaa ya wajomba wala ya wazee wa baraza.

Vita vya warithi

Kimweri alikufa mwaka 1862. Aliyemrithi alikuwa Shekulwavu, mjukuu wake. Hapo udhaifu wa mfumo ulionekana wazi. Wakuu wa maeneo walikuwa watoto wa Kimweri, yaani baba wadogo na wakubwa wa mfalme mpya. Utii ambao mtoto humpa baba yake haukuweza kudaiwa na mtoto wa ndugu kutoka kwa baba zake wadogo. Shekulwavu alirithi kiti na dawa za mvua, lakini hakurithi cheo cha ubaba kilichokuwa kimeufunga ufalme pamoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alimshambulia akisaidiwa na wapiganaji wa nje, wakiwamo Wazigua na Wataita, akamtoa Vuga. Shekulwavu alikimbilia mashariki na kufia huko, na nduguye Kibanga akaendeleza madai ya upande wao kutoka Usambara ya Mashariki. Semboja mwenyewe hakukaa Vuga. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti cha Simba Mwene, naye akabaki Mazinde. Kiti kilibaki mlimani, lakini uamuzi wa vita na biashara ulifanywa nyikani.

Wabondei hawakungoja mshindi. Walikuwa wamechoshwa na wakuu wa Kikilindi waliowakamata watu wao na kuwauza, na ugomvi wa mabwana ukawapa nafasi. Maasi yao, yanayojulikana kwa jina la Kiva, yaliwafukuza Wakilindi kutoka sehemu kubwa ya Bonde, na ufalme ukakatwa kutoka pwani. Hawakuwekwa chini ya Vuga tena.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mashaka. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na ya miwa katika bonde la Pangani, yalitaka watumwa, na mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja haukukata biashara hiyo bara mara moja. Pande zote mbili za Wakilindi ziliuza mateka ili kununua baruti. Kosa dogo liliweza kumfanya mtu auzwe, na mtoto aliyetumwa kuchota maji aliweza asirudi. Watu waliviacha vijiji vya ukingoni, wakahamia mahali pagumu kufikika. Walipoteza hivyo mashamba ya nyikani yaliyokuwa akiba yao wakati wa njaa. Kwa lugha ya Wasambaa wenyewe, nchi ilikuwa imebanwa: wakubwa wawili wenye nguvu sawa, na hakuna wa kuitengeneza.

Wajerumani na mwisho wa ufalme

Mwaka 1888 Wajerumani walipoanza kuichukua pwani, vita vya kuwapinga, vilivyoongozwa na Abushiri, vililipuka Pangani na kuenea mwambao wote. Wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wametoka Usambara, walikamatwa na watu wa Abushiri na kuachiliwa kwa fidia. Baada ya kamanda wa Kijerumani Hermann Wissmann kuyazima maasi, Semboja alipima nguvu za pande mbili na kuchagua amani. Wajerumani wakaweka kituo cha askari Mazinde, mahali pale pale alipopachagua yeye, na kwa sababu ile ile ya kuishika njia. Wamisionari wa Kilutheri waliingia Mlalo mwaka 1891.

Kimweri Maguvu alikufa mwaka 1893. Semboja naye alikufa mwaka 1895, na mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga Mputa, aliyekuwa amekalia kiti cha Vuga. Walimweka Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu, ukoo uliokuwa umefukuzwa karibu miaka 30 nyuma. Kinyashi alitawala kwa hofu, akikumbuka yaliyompata aliyemtangulia, na miaka michache baadaye aliacha kiti. Shughuli za serikali zilihamia Wilhelmstal, mji ambao leo ni Lushoto, na nchi ikaendeshwa na maakida, watumishi wa serikali ya Kijerumani, wasiokuwa na uhusiano wowote na dawa za mvua.

Njia ya misafara nayo ilibadilishwa na reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911, ukipita chini ya mlima na kuiacha Mazinde kuwa kituo kimoja kati ya vingi. Kwenye nyika ambayo zamani ilikuwa ya misafara, yalipandwa mashamba ya mkonge.

Waingereza, walipoanzisha utawala wa kupitia wenyeji mwaka 1926, walimtafuta tena Kinyashi na kumrudisha kwenye kiti. Aliondoka 1929. Baadaye Shebuge Magogo alitawala hadi 1947, akafuatwa na Mputa Magogo. Lakini mfalme wa wakati huo alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara. Alipotakiwa kuwalazimisha wakulima kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, katika mpango ulioanzia Mlalo baada ya Vita Kuu ya Pili, alijikuta kati ya Bwana Shauri, mtawala wa Kiingereza wa wilaya, na raia waliokataa, na upinzani huo uliwasogeza wengi kwenye siasa za TANU, chama kilichodai uhuru. Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu wote, na cheo cha Simba Mwene kikaisha kisheria. Wakilindi wamebaki kuwa ukoo kati ya koo nyingine za Usambara.